Jiwe Lisilouma



Dada yangu akinipigia simu kabla ya adhana ya alfajiri, huwa hasalimii. Siku ninayoikumbuka alisema maneno matatu, "Mpira umeziba tena," kisha akanyamaza akingoja nimwambie la kufanya, kana kwamba kukaa mbele ya maikrofoni miaka yote hii kumenipa udaktari.

Mumewe alikuwa mkwezi. Kwa msikilizaji wa bara asiyelizoea neno hilo, mkwezi ni mtu anayepanda minazi ya watu kuangua nazi na madafu kwa ujira, na huku kwetu mwambao wa Tanga kazi hiyo ina heshima yake, maana si kila kijana ana nyayo za kuifanya. Shemeji aliifanya miaka 17. Mnazi wa mwisho aliupanda asubuhi baada ya mvua, shina likiwa na utelezi, akaangukia mgongo. Wakamtibu. Akabaki na mikono yake, kichwa chake na utani wake, lakini kuanzia usawa wa chuchu kwenda chini, mwili hauna habari naye, wala yeye hana habari nao. Tangu hapo mkojo wake unatoka kwa mpira. Hospitali wanauita katheta. Nyumbani ni mpira tu, na mfuko wake ukawa unaning'inia ubavuni mwa kitanda.

Sasa mpira huo ulikuwa unaziba. Uliziba mara ya kwanza, ukabadilishwa. Wiki mbili baadaye ukaziba tena, ukabadilishwa tena. Mkojo ukaanza kuwa na damu kidogo, na huku kwetu damu kwenye mkojo ina jina moja tu tangu utotoni: kichocho. Akapewa vidonge vya kichocho. Sitataja ni kituo gani, na sidhani aliyempa alikuwa mtu mbaya. Mahali ambapo watoto wamekuwa wakikojoa damu baada ya kuoga mabwawani tangu enzi za babu zetu, hata mimi ningeanzia hapo. Vidonge vikaisha, mpira ukaziba mara ya tatu. Hiyo ndiyo simu ya alfajiri.

Kilichokuwemo kibofuni ni jiwe.

Hebu tulitazame kwanza neno moja la Kiswahili. Mtu akiugua tunasema anaumwa. Maumivu yamo ndani ya neno lenyewe, na swali la kwanza analoulizwa mgonjwa, awe mbele ya mama yake au mbele ya daktari, ni hilo: unaumwa wapi? Shemeji haumwi popote. Jiwe ambalo lingenifanya mimi au wewe tujikunje sakafuni kila tukienda haja ndogo, yeye alilibeba kwa miezi huku akicheza bao barazani na kuwafunga wenzake. Lugha yetu haikuwa na swali la kumuuliza, na sisi tuliozoea lugha hiyo hatukuuliza.

Kibofu ni mfuko wa misuli. Kwa mtu mzima hubeba mililita 400 mpaka 500, kama glasi mbili kubwa za maji, na kina kazi mbili zinazopingana. Kinapohifadhi mkojo, misuli yake hulegea na mlango wake hubana. Kinapoutoa, misuli hukaza na mlango hufunguka. Anayepanga zamu hizo ni ubongo, na amri zake hushuka ndani ya uti wa mgongo hadi mwisho wake wa chini, ambako mishipa ya fahamu ya kibofu hutokea. Uti ukiumia njiani, amri hazifiki. Kuna kibofu kinacholegea kabisa kikawa kama mfuko wa rambo: kinajaa, kinamwaga cha juu, cha chini kinabaki. Na kuna kibofu kinachokuwa kikorofi: kinajikamua chenyewe bila kuagizwa, na wakati huohuo mlango nao unabana, kama dereva anayekanyaga mafuta na breki kwa pamoja. Hicho cha pili ndicho kibaya zaidi, kwa sababu mkojo uliokosa njia ya chini hurudi juu kwenye figo. Lakini vyote viwili vinafanana kwa jambo moja: mkojo wa jana unabaki humo kuungoja wa leo.

Wala msidhani ni habari ya wakwezi peke yao. Wapo vijana wa bodaboda, ambao siku hizi wamejaa kwenye wodi za mifupa. Wapo waliopinda mgongo kwa kifua kikuu cha mifupa. Wapo wenye kisukari cha miaka mingi, ambao kibofu chao hupoteza hisia polepole hata mwenyewe asijue. Na wapo watoto waliozaliwa na mgongo wazi, ambao mama zao wamejifunza kuwatoa mkojo kwa mpira mdogo tangu wakiwa wachanga, na wanaijua kazi hiyo kuliko wengi wetu tunaovaa tai na kuzungumzia afya.

Nirudi kwenye jiwe, maana hapa pana mengi yasemwayo barazani na machache ya kweli. Jirani mmoja alimwambia dada kwamba ni mchanga wa dagaa. Mwingine akasema ni chumvi ya kisima chetu. La dagaa nililicheka. La kisima nalo si kweli, lakini lilinipa mfano. Ukichemsha maji ya kisima hicho kwa mwezi mmoja, birika linajenga ukoko mweupe ndani, mgumu, hauondoki hata kwa kisu. Madini yaliyokuwa yameyeyuka majini yameshindwa kuendelea kuyeyuka, yakashika ukutani. Kwenye birika sababu ni moto. Kibofuni hakuna moto. Kuna kiumbe.

Jina lake Proteus. Alipewa jina hilo mwaka 1885 na Mjerumani Gustav Hauser, akimfananisha na mzee wa baharini katika ngano za Wagiriki aliyekuwa akijigeuza umbo kila akitaka kukamatwa. Ni bakteria wa kawaida, makazi yake ni matumboni mwetu. Akifika kwenye mkojo uliotuama anakuta urea, taka ambayo figo zimeitupa, naye ana kimeng'enya cha kuipasua urea hiyo ikawa amonia. Amonia mnaijua wote: ni ile harufu inayokukata macho kwenye choo cha stendi kisichomwagiwa maji. Mkojo wa mtu mzima kwa kawaida una uasidi kidogo. Amonia inauondoa uasidi huo, na mkojo unakuwa kama maji ya magadi. Na mkojo ukishakuwa wa magadi, magnesiamu, kalsiamu na fosfeti iliyokuwa imeyeyuka humo haiwezi tena. Inaganda. Wataalamu huyaita mawe ya namna hiyo struvaiti. Huitwa pia mawe ya maambukizi, na jina hilo la pili ndilo ningependa mlishike.

Ukoko huanzia kwenye mpira wenyewe. Unajishika kwenye tundu la kuingizia mkojo, unalipunguza siku hadi siku mpaka linafungika, na hapo ndipo mnapiga simu alfajiri. Lakini kuna mahali pengine pabaya zaidi. Mpira huu una puto dogo karibu na ncha yake, ubunifu wa Mmarekani Frederic Foley katika miaka ya 1930. Linajazwa maji safi likiwa ndani ili mpira usichomoke. Ukoko hulivika puto hilo ganda jembamba kama la yai. Siku ya kubadilisha, nesi ananyonya maji, puto linasinyaa, ganda linavunjika, mpira unatoka, vipande vinabaki. Mnashukuru, mnaweka mpira mpya, mnaondoka. Nyuma mmeacha mbegu. Kila kipande kinaanza kujijengea tabaka juu ya tabaka, na ndani ya tabaka hizo Proteus amejificha mahali ambapo antibaiotiki haimfikii. Hata unywele mmoja ulioingia pamoja na mpira unatosha kuwa mbegu.

Hapo mnaelewa kwa nini kubadilisha mpira peke yake hakukumsaidia shemeji. Tulikuwa tunabadilisha mlango wa nyumba ambayo mwizi anaishi ndani.

Na tuseme kweli kuhusu bakteria. Mpira ukikaa ndani, kila siku inayopita ina uwezekano wa asilimia 3 hadi 7 wa bakteria kuingia kibofuni. Ukimaliza mwezi, karibu kila mtu anao. Kwa hiyo kupima mkojo wa mtu mwenye mpira wa kudumu na kukuta bakteria si habari mpya. Kama hana homa, hana kutetemeka, hajachafukwa, kummiminia antibaiotiki kila mwezi ni kuwafundisha bakteria ukaidi. Nimewaona wagonjwa wenye mfuko mzima wa mabaki ya vidonge vya namna hiyo, na jiwe bado lipo.

Dalili sasa, kwa asiyeumwa. Ya kwanza nimeshaitaja, mpira kuziba mara kwa mara. Mkojo kuvuja pembeni mwa mpira ilhali mfuko mtupu. Chembe kama mchanga kwenye bomba la mfuko. Damu. Homa za mkojo zinazorudi baada ya dawa kwisha. Miguu iliyopooza kuanza kurukaruka na kukakamaa kuliko ilivyozoea. Mwili unalalamika kwa njia iliyobaki.

Na kuna dalili moja ambayo dada aliiona akadhani ni joto la Tanga. Mpira ukiziba, shemeji uso ulimwiva, jasho likamtoka kichwani na shingoni huku miguu mikavu, kichwa kikamgonga kama ngoma. Kwa walioumia uti kuanzia kifuani kwenda juu, kibofu kikijaa kupita kiasi, mwili wa chini hutuma kilio ambacho hakifiki ubongoni, na badala ya maumivu inapanda presha, ghafla na juu sana. Presha hiyo huweza kumletea mtu kiharusi palepale. Ukiona hivyo usimlaze. Mkalishe wima, legeza mshipi na nguo, kagua mpira kama umejikunja au ameulalia, mwaga mfuko kama umejaa. Kama mkojo bado hautoki, mpira ubadilishwe saa hiyohiyo, na hali isipotulia ni hospitali bila kungoja gari la asubuhi.

Jiwe lenyewe huonekana kwa ultrasaundi, kipimo ambacho siku hizi hospitali nyingi za wilaya wanacho. Shemeji alilala kitandani, mtaalamu akapitisha kifaa chini ya kitovu, na kwenye kioo likatokea duara jeupe lenye kivuli cheusi nyuma yake. Dada alisema lilifanana na mwezi. Dakika chache tu, baada ya miezi ya kuhangaika. Nilikasirika siku ile, na hasira yenyewe sikujua nimwelekezee nani.

Kutoa mawe kibofuni ni kazi ya kale sana. Kiapo cha Hippocrates kinamkataza daktari kumpasua mwenye mawe, kazi hiyo awaachie mafundi wake, na mafundi hao waliua wengi. Mwaka 1824 kule Paris, Jean Civiale aliingiza chombo kupitia njia ya mkojo akalisaga jiwe humohumo bila kisu. Wajukuu wa chombo hicho leo hutumia leza au nyundo ndogo ya hewa. La shemeji lilikuwa kubwa kama yai la kware, daktari akaona ni salama zaidi kupitia juu ya kinena. Kabla ya hapo shangazi mmoja aliuliza swali ambalo nadhani wengi mngeuliza: huyu si hahisi chochote, ganzi ya nini? Daktari alimjibu kwa adabu kwamba mwili usiohisi bado unaweza kupandisha presha ile ile ya hatari, na kisu kinatosha kuichochea. Ganzi ikawekwa. Jiwe likatoka zima, na hilo la kutoka zima ni muhimu, kwa sababu mabaki ya jiwe la maambukizi huota upya.

Na hata likitoka lote, kama mpira unabaki ndani, hadithi inaweza kujirudia. Madaktari wa Uingereza walichapisha mwaka 2003 hesabu za watu waliovunjika uti wa mgongo. Kwa wanaoishi na mpira wa kudumu, kama 4 katika kila 100 walipata jiwe kila mwaka. Kwa wanaojitoa mkojo wenyewe kwa mpira wa kuingiza na kutoa, walikuwa 2 katika kila 1000. Na aliyekwisha kupata jiwe mara moja akaendelea na mpira wa kudumu, hatari yake iliruka kufikia kama 16 katika 100 kwa mwaka.

Huko kujitoa mkojo ndiko ninakotaka kukaa kidogo. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia, askari wengi waliovunjika uti wa mgongo walikufa ndani ya miezi michache, wakimalizwa na vidonda vya kulala na maambukizi ya mkojo. Mwaka 1944, Ludwig Guttmann, daktari Myahudi aliyewakimbia Wanazi, alifungua wodi ya watu hao Stoke Mandeville, Uingereza. Wengi wanamjua kwa michezo ya walemavu aliyoianzisha mwaka 1948, iliyozaa Paralimpiki. Wachache wanajua kwamba kabla ya kuwapa mishale na mipira alihangaikia vibofu vyao: mkojo utolewe kwa mpira safi kila baada ya saa kadhaa, kisha mpira uondolewe. Kwake ilikuwa kazi ya daktari mwenye glavu na vifaa vilivyochemshwa. Mwaka 1972 Jack Lapides wa Michigan, Marekani, akawashangaza wenzake kwa kusema mgonjwa afanye mwenyewe, kwa mikono iliyooshwa kwa sabuni, nyumbani kwake. Hoja yake ilikuwa kwamba kinachokiharibu kibofu hasa ni kuachwa kijae na kutanuka mpaka damu isipite vizuri kwenye kuta zake. Kibofu kinachomwagwa kwa wakati kina nguvu ya kujilinda.

Ni kazi ya dakika chache, kila baada ya saa nne hadi sita, mkojo usizidi mililita 500 kwa mara moja. Hakuna puto la kuvikwa ganda. Hakuna mfuko wa kuning'inia. Wenye kibofu kikorofi huongezewa dawa ya kukituliza, na hilo ni la daktari kuamua baada ya kupima. Wasioweza kutumia mikono, au wasio na wa kuwasaidia, watabaki na mpira wa kudumu, na kwao kanuni ni kuubadilisha kwa ratiba bila kungoja uzibe, kunywa maji ya kutosha, na mfuko kukaa chini ya usawa wa kibofu daima. Limao? Maji mengi yaliyokamuliwa limao yanaweza kuchelewesha ukoko kwenye mpira. Jiwe lililokwisha kuwa jiwe hayataliyeyusha, wala majani mliyotumiwa kwenye simu hayataliyeyusha, na anayewauzia ya kuyeyusha anajua hivyo.

Lakini shemeji yangu! Mtu ambaye mikono yake ilimpandisha minazi miaka 17, mikono ambayo ajali haikuigusa hata kidogo, aliruhusiwa kwenda nyumbani baada ya kuanguka na mpira wa kudumu na karatasi ya tarehe ya kurudi. Hakuna aliyemwambia kuna njia nyingine. Nilipomuuliza daktari mmoja kwa nini, alisema wodi ina watu wengi na kumfundisha mtu kujitoa mkojo kunataka siku kadhaa za subira na chumba chenye pazia. Pazia, wasikilizaji. Siwezi kusema ni uongo. Naona tu kwamba kumpasua kulichukua watu watano na siku tisa za kitanda.

Alifundishwa baada ya jiwe. Siku ya kwanza aliona haya, akamfukuza dada chumbani. Siku ya nne alikuwa akifanya huku akisikiliza mpira wa ligi kwenye redio. Mpira wake, anauosha, anaukausha, anauweka kwenye kopo safi lenye kifuniko, na akienda msikitini kopo liko mfukoni mwa kiti chake. Jiwe amelihifadhi kwenye chupa ya jamu juu ya kabati. Wageni wakija analitingisha na kuwauliza bei.

Neno langu la mwisho ni kwako nesi uliye zamu usiku huu na redio iko chini kwa sauti ndogo. Ukitoa mpira wa mkojo wa mtu aliyepooza, usiutupe mara moja kwenye ndoo. Ukiwa na glavu zako, pitisha vidole kwenye ile ncha na juu ya puto. Ukisikia mchanga, mwandikie ultrasaundi kabla hajaondoka.